Deki ya Mashine ya Kukatia Nyasi: Mambo ya Kulinganisha Kabla ya Kulipa

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Tanga mbele ya wanunuzi wa taasisi, wasimamizi wa viwanja na wakandarasi wa usafi



Barua yenu ilituomba tuzungumzie haki za mnunuzi kwa ujumla wake. Tumeona ni heri tuchukue kifaa kimoja, tena sehemu moja ya kifaa hicho, tuichunguze vya kutosha. Kifaa chenyewe ni mashine kubwa ya kukatia nyasi, ile ya kupanda au ya kutembea nyuma yake, itumikayo siku baada ya siku katika viwanja vya taasisi na kazi za kandarasi. Sehemu tutakayoichunguza ni deki: lile umbo la chuma lililokaa mfano wa sinia iliyofunikwa kifudifudi chini ya mashine, ambalo visu huzunguka ndani yake. Wanaolijua neno hili kwa kupiga deki sakafuni watuwie radhi. Vitabu vya watengenezaji huiita hivyo, nasi tutawafuata.

Tumechagua sehemu hii kwa sababu ya lalamiko moja lililofika mezani kwetu. Shule moja ya bweni katika ukanda huu wa pwani ilinunua mashine ya kupanda yenye upana wa kukata wa sentimita 132. Fedha zilitokana na michango ya wazazi. Kijitabu cha matangazo kilisema mashine ina “deki ya geji 10”, na karani wa ununuzi, ambaye alifanya kazi yake kwa uangalifu, aliuliza na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo deki nzito ya kibiashara. Masika ya pili yalipokwisha, ubavu wa deki upande wa nyuma ulikuwa umetoboka kwa kutu, na ufa ulikuwa umeanza kuzunguka mhimili wa kisu cha kati. Asubuhi moja jiwe lilipita katika tundu lile likavunja kioo cha darasa ambamo wanafunzi walikuwa katika mtihani wa majaribio. Kwa bahati hakuumia mtu.

Tulipokwenda kupima, tulikuta kile bamba la kuongezea nguvu lililochomelewa mahali mihimili inapofungwa lina unene wa milimita 3.4, ambao kweli ndio unene wa geji 10. Ganda lenyewe la deki, yaani ubavu, mgongo na sehemu ya nyuma, lilikuwa na milimita 2.3. Muuzaji alitoa kijitabu chake: hakikusema ni sehemu ipi ya deki iliyo na geji 10. Nayo ankara ya shule ilikuwa na maneno manne tu: mashine ya kukatia nyasi. Shule haikurudishiwa fedha zake. Ilinunua deki nyingine, na wazazi wakachangishwa tena.

Tuanze basi na hiyo geji, maana ndiyo iliyoiponza shule ile.

Kila aliyejenga nyumba ya bati anajua kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Namba inapanda, unene unashuka. Katika bamba la chuma cha pua, geji 7 ina milimita 4.6 hivi, geji 10 ina 3.4, geji 11 ina 3.0, geji 12 ina 2.7, geji 13 ina 2.3. Mnunuzi anayesikia “kumi na tatu” baada ya “kumi” anaweza kudhani amepewa zaidi, na tumewahi kumwona mwuza duka mwenyewe akiamini hivyo. Shida ya pili ni kwamba namba hii hubadilika maana kulingana na metali. Alumini ya geji 10 kwa kipimo cha kawaida cha alumini ina milimita 2.6 tu. Kwa hiyo tunashauri neno geji liachwe kabisa katika karatasi za ununuzi. Ombeni milimita. Muuzaji asiyeweza kutaja milimita na akope kalipa kwa fundi wa karibu apime.

Tofauti kati ya milimita 2.3 na 3.4 huonekana ndogo ikiandikwa, ila uwezo wa bamba bapa kukataa kupinda hukua kwa unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba lililo nene mara moja na nusu hukataa kupinda zaidi ya mara tatu. Deki inapogonga kisiki au ukingo wa saruji, hesabu hiyo ndiyo huamua kama mtapiga rangi palipokwaruzika au mtatafuta mchomeleaji. Tena kutu hula kutoka upande wa ndani, ambako nyasi mbichi hugandamana zikabaki na unyevu usiku kucha. Na hapa kwetu, ambapo upepo wa bahari huleta chumvi hadi madirishani, bamba jembamba halina akiba ya kuliwa.

Pimeni mahali patatu: ubavuni karibu na ukingo wa chini, mgongoni mbali na mihimili, na pale mihimili inapofungwa. Ukingo wa chini mara nyingi huwa umeongezewa ukanda wa chuma, kwa hiyo msipime ukanda mkadhani mmepima ganda. Rangi nayo huongeza sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, si kitu cha kubishania. Tarakimu tatu hizo zikilingana, au ile ya mihimili ikizidi nyingine kwa bamba la ziada linaloonekana wazi, mna picha ya kweli ya deki. Muuzaji akitaja tarakimu moja pekee, mwulizeni ni ya wapi.

Jinsi deki ilivyotengenezwa ni jambo jingine, na hapa tunapenda kuwa waadilifu kwa pande zote mbili. Deki hutengenezwa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza, bamba moja hugandamizwa kwa shinikizo kubwa hadi likachukua umbo zima. Ya pili, vipande vya bamba nene hukatwa na kuchomelewa pamoja. Wauzaji wa mashine ghali husema kwamba ya kugandamizwa ni ya majumbani na ya kuchomelewa ndiyo ya kazi. Mara nyingi ni hivyo, kwa sababu bamba nene ni gumu kugandamiza, basi za kugandamizwa huwa nyembamba. Lakini deki iliyogandamizwa haina pembe ambamo nyasi hujificha, mikunjo yake yenyewe huipa nguvu, na haina maungio ambayo maji yatajipenyeza. Tumeona deki za kuchomelewa ambazo mshono wake ulikuwa na matundu kama mkate wa mofa, na kutu ilianzia hapo hapo. Msiishie kwenye jina la namna ya kuundwa. Pitisheni kidole kwenye mshono kwa ndani.

Namna ya tatu ni alumini ya kusubu, ambayo huonekana zaidi katika mashine ndogo za kusukuma. Haishiki kutu kama chuma, na kwa hoteli iliyo ufukweni hilo ni jambo kubwa. Ikipigwa na jiwe zito hupasuka badala ya kubonyea, na fundi wa kuchomelea alumini hapatikani kila mtaa kama wa chuma. Penye mchanga na nyasi laini tungeichagua. Penye mawe ya matumbawe yanayochungulia ardhini, hapana.

Sasa mihimili. Kila kisu kimefungwa kwenye mhimili wake, na mhimili huzungukia beringi zilizo ndani ya kasha lililokazwa kwa bolti kwenye mgongo wa deki. Hapa ndipo mashine mbili zenye ganda la unene uleule hutofautiana bei kwa mbali, na kwa maoni yetu ndipo fedha ya ziada hustahili kwenda. Kasha la alumini jembamba ambalo bolti zake zimejikatia njia zenyewe ndani ya alumini hulegea baada ya kufunguliwa mara mbili tatu. Kasha la chuma cha kusubu, au la alumini nene lililofungwa kwa bolti na nati zinazopita upande hadi upande, hufunguliwa na kufungwa miaka mingi.

Ulizeni namba ya beringi. Swali hili halina gharama na hueleza mengi. Namba kama 6203, 6204 na 6205 ni za ukubwa wa kawaida duniani kote: ya kwanza ina tundu la milimita 17, ya pili 20, ya tatu 25. Duka lolote la beringi mjini linazo. Mashine ikitumia namba hizi, ubovu wa beringi utakusimamisha mchana mmoja. Ikitumia beringi ya umbo la pekee ambayo huuzwa pamoja na kasha lake zima, umefungwa kwa muuzaji mmoja, na kwa bei yake, na kwa meli yake. Mkandarasi mmoja alitueleza kwamba alisubiri kasha la aina hiyo hadi mkataba wake wa kukata nyasi ukavunjwa. Hakuwa na wa kumdai, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwahidi kwamba vipuri vipo.

Baadhi ya mihimili ina mdomo wa kupigia grisi, mingine imefungwa moja kwa moja. Wa kupigia grisi hudumu zaidi kwa mtu anayeipiga. Kama mtunza bustani wenu hana bomba la grisi wala ratiba, uliofungwa utawafaa zaidi, na hakuna aibu katika kukiri hivyo. Ila vyote viwili huuawa na kitu kimoja: maji ya mashine ya kuoshea magari yakielekezwa kwenye mhimili. Kwangueni nyasi kwa kijiti au kibao cha ukwanguzi zingali mbichi, na mhimili uachwe mkavu.

Kuhusu upana tutasema kwa hesabu, maana ndilo jambo linalopewa herufi kubwa kuliko yote katika matangazo. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Mashine ya upana wa sentimita 122 ikienda kilomita 8 kwa saa, na tukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuka na kupishanisha mistari, huumaliza kwa takriban dakika 55. Ya sentimita 152, kwa mwendo uleule, dakika 44. Tofauti ni dakika 11. Mkandarasi mwenye viwanja kumi atapata karibu saa mbili. Shule yenye uwanja mmoja itapata muda wa kunywa chai. Na deki pana ina adhabu yake: kwenye ardhi yenye matuta upande mmoja huning’inia na mwingine hukwangua udongo, mkabaki na mabaka meupe kwenye ukoka. Vigurudumu vidogo vya pembeni mwa deki husaidia, mradi deki yenyewe iwe imening’inizwa kwa namna inayoiruhusu kupanda na kushuka peke yake. Mnaponunua pana, isukumeni deki kwa mkono kutoka chini muone kama inainuka bila kukwama. Na pimeni geti lenu kwanza. Upana wa kukata si upana wa mashine. Mdomo wa kutolea nyasi hujitokeza nje ya hapo.

Kina nacho kiangaliwe, yaani kimo cha deki kutoka ukingo wa chini hadi mgongoni kwa ndani. Deki nyingi za kibiashara zina kina cha sentimita 13 hivi. Iliyo na kina kifupi hukata vizuri nyasi fupi na kavu, kisha mvua zikinyesha wiki mbili mfululizo, nyasi zikasimama hadi gotini, husongwa na kuacha marundo mvua nyuma yake. Nguvu ya injini haiponyi hilo, hata kijitabu kiseme nini.

Tunakuja kwenye jambo ambalo tungependa mtusikilize hata kama yaliyotangulia yamewachosha. Mdomo wa kutolea nyasi ndio njia ya jiwe. Viwango vya usalama vya Marekani huweka kikomo cha kasi ya ncha ya kisu kuwa futi 19,000 kwa dakika, sawa na mita 96.5 kwa sekunde; ukipenda kwa lugha ya barabarani, kilomita 347 kwa saa. Kisu cha sentimita 53 hufikia kasi hiyo kikizunguka takriban mara 3,480 kwa dakika. Jiwe linaloguswa na ncha hiyo halikupi nafasi ya kupiga kelele. Kwa sababu hii kiwango cha kimataifa cha mashine za kukatia nyasi, ISO 5395 cha mwaka 2013, kina jaribio ambalo gololi za chuma huingizwa kwenye njia ya kisu kinachozunguka huku mashine imezungushiwa paneli za kadibodi, ili ihesabiwe ni gololi ngapi zimetoka na kwa kimo gani.

Deki inayotoa nyasi ubavuni hufanya kazi haraka na hutawanya vizuri, lakini lazima iwe na kile kibao kinachoning’inia mdomoni kuelekeza kila kitu chini. Mara ngapi tumekuta kibao hicho kimefungwa kwa waya juu, au kimeng’olewa kwa sababu hukwama kwenye miti! Deki inayotoa nyasi nyuma, chini ya mashine yenyewe, huacha safu nene kidogo, na hupunguza sana hatari kwa wapita njia. Kwa shule, hospitali na kandokando ya barabara tungeshauri ya nyuma, hata kwa bei ya juu zaidi, hapa hatuyumbi. Kwa shamba la wazi lenye uzio, ubavuni panatosha.

Pia jaribuni kusimamisha visu. Kwa mashine za kusukuma za majumbani, sheria ya Marekani tangu mwaka 1982 hutaka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mkono kuachia kishikio. Mashine za kupanda zina utaratibu wake wa swichi ya kitini. Dereva akiinuka huku visu vikizunguka, mlolongo mzima hautakiwi kuendelea. Mwambieni muuzaji awaoneshe, yeye akiwa kitini na nyinyi mkiwa mbali. Tumekuta mashine mpya, zilizotoka kontenani, ambazo waya wa swichi hiyo ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja ili isimsumbue mwendeshaji. Mashine ya namna hiyo msiipokee.

Sasa turudi kwenye ankara yenye maneno manne. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Hizo ni silaha nzuri, lakini zote mbili zinahitaji kitu cha kushika: ni maelezo gani yaliyotolewa, na nani aliyatoa, lini? Kijitabu cha rangi kinachosema “nzito” na “imara” hakishikiki. Hata “geji 10” isiyosema sehemu iliponyoka mikononi mwetu katika shauri la shule ile, jambo ambalo bado linatukera.

Kwa hiyo mnapoomba ankara kifani, ombeni iandikwe mle mle, na si katika barua ya pembeni: unene wa ganda la deki kwa milimita ubavuni na mgongoni, unene wa bamba la mihimili, upana wa kukata na upana wa nje, namba ya beringi, upande wa kutolea nyasi, na namba ya utambulisho ya deki kama ilivyopigwa kwenye kibao chake, maana deki huweza kubadilishwa kati ya siku ya kuoneshwa na siku ya kuletewa. Waranti nayo isome kama inaitaja deki. Baadhi hutoa miaka kadhaa kwa injini, kisha deki, visu, mikanda na beringi zikawekwa pamoja katika “vitu vinavyochakaa”, ambavyo havina waranti yoyote. Tumesoma waranti ambayo, tukiisha kuondoa vilivyoondolewa, ilibaki inalinda kiti na usukani.

Wapo watakaosema muuzaji atakataa kuandika yote hayo. Wengine watakataa. Tumejaribu wenyewe, tukiwa wanunuzi wa kawaida bila kujitambulisha, katika maduka manne: wawili waliandika bila maneno, mmoja alipiga simu kwa mwagizaji akaandika kesho yake, na wa nne alituambia twende tukanunue kwingine. Tulimshukuru, kwa kuwa alitupa ushauri bila malipo.

Siku ya kuletewa, pimeni kabla ya kusaini hati ya kupokea, tena pigeni picha kalipa ikiwa imebana bamba na tarakimu zikisomeka. Mkigundua tofauti, msiitumie mashine hata kwa saa moja. Andikieni muuzaji siku hiyo hiyo, kisha tuleteeni nakala ya ankara, risiti, picha na barua yenu. Lalamiko likija na hivyo vinne huwa tayari kushughulikiwa. Likija na hadithi pekee, tutawasikiliza kwa heshima, lakini hatutafika mbali.

Nje, chini ya mwembe, kuna mashine mbili ambazo wenyeji wetu wameazimwa kwa ajili ya asubuhi hii. Zimeinuliwa juu ya vigingi, injini zimezimwa, na waya za plagi zimechomolewa. Hata hivyo vaeni glavu, visu vimenolewa jana. Kalipa tunazo tatu. Bei zake hatutawaambia hadi mtakapokuwa mmepima na kuandika, kila mmoja kwenye karatasi yake, ni ipi mngeinunua.